Gawio la mama limekwama, na la marehemu baba halina mwenyewe: tuanzie wapi?

BARUA

Shikamoo mshauri,

Zaidi ya miaka kumi iliyopita mama yangu na marehemu baba walinunua hisa za kampuni iliyokuwa ikiuza kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kila mmoja alinunua kwa jina lake: mama hisa 1,200, baba hisa 3,000. Miaka ya mwanzo walikuwa wakiletewa hundi za gawio kupitia sanduku la posta la shule aliyofundisha baba. Baba alipostaafu, hundi zikakoma, na hakuna aliyefuatilia. Baba alifariki 2021.

Juzi nilikwenda kuuliza. Nikaambiwa gawio lipo ila halilipiki. Upande wa mama, daftari la wanahisa halina namba yake ya NIDA. Jina limeandikwa Mwanahawa S. Ally, wakati NIDA anasomeka Mwanahawa Saidi Ali. Mwaka wa kuzaliwa kwenye daftari ni 1956, NIDA ni 1958. Akaunti ya benki aliyoandikisha wakati ule ilishafungwa, na namba ya simu si yake tena. Upande wa baba hakuna kitambulisho chochote kwenye daftari zaidi ya kadi ya mpiga kura, ambayo hatuioni. Hakuwahi kupata NIDA. Hati yake ya hisa ina majina mawili, cheti cha kifo kina matatu.

Kuna mtu amejitolea kutufuatilia kwa asilimia 30 ya kitakachopatikana. Mwingine amesema mama akabadilishe NIDA ili ifanane na hati ya hisa. Tena nasikia gawio likikaa muda mrefu linarudi kwa kampuni. Naomba mwongozo.

Binti wa Kilosa

JIBU

Marahaba, binti, na pole kwa kuondokewa na baba.

Nianze na yale mawili ambayo ukiyafanya leo, kuyafumua kesho ni kazi kubwa. Mama asiguse taarifa zake za NIDA. Na huyo wa asilimia 30 usimpe hati, nakala ya kitambulisho wala namba ya siri ya simu.

Namba ya NIDA ya mama imeshafungwa kwenye laini yake ya simu, na huenda pia kwenye akaunti ya benki, bima na mengineyo. Tarakimu 8 za mwanzo kati ya 20 za namba hiyo ndizo tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Ukisema mama kazaliwa 1956 huku namba inaanza na 1958, karani anaona tofauti kabla hajafungua jalada. Ukienda kubadili NIDA ili ilingane na karatasi ya hisa, utatengeneza tofauti mpya benki na kwenye simu. Daftari la wanahisa ndilo linalofuata kitambulisho cha taifa, na kulirekebisha kunahitaji karatasi chache tu.

Kwanza ujue fedha ziko wapi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupoteza miezi wakigonga mlango usio wao. Dalali wa hisa hana gawio la mama. Soko la Hisa nalo halina. Kampuni inapotangaza gawio, hutaja siku ya kufunga daftari. Aliyemo siku hiyo ndiye mwenye haki. Msajili wa hisa hutoa orodha yenye jina, idadi ya hisa, akaunti ya benki au namba ya simu, kisha kampuni hulipa kupitia benki. Malipo yakigonga akaunti iliyofungwa au jina lisilolingana, fedha hurudi na kuandikwa kwenye vitabu vya kampuni kama deni kwa mwanahisa huyo. Mwaka unaofuata hurudi tena vilevile, na hakuna anayekupigia simu maana hata namba iliyoandikwa ni ya mtu mwingine. Kampuni nyingi zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa (DSE) hutunziwa daftari na CSDR, yaani CSD & Registry Company Limited, kampuni tanzu ya Soko la Hisa. Kwa hiyo wahusika wako ni wawili: msajili, anayerekebisha taarifa, na katibu wa kampuni, anayeidhinisha malipo ya nyuma.

Ugumu wa vitambulisho usiuchukulie kama kukomolewa. Mtu anayetoa fedha anawajibika kujua anampa nani, na Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya 2006 inadai hivyo. Wakati hisa nyingi za umma zinauzwa, kadi ya mpiga kura au barua ya mwajiri ilitosha. NIDA haikuwa mikononi mwa watu. Kisha ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Namba nyingi zilizoandikwa kwenye fomu za zamani zilikufa hapo, na laini iliyokufa inaweza kuuzwa upya kwa mtu mwingine. Ndiyo maana nasisitiza namba ya zamani ya mama ifutwe kwenye daftari, isiachwe tu.

Jalada la mama

Kama namba ya NIDA haipo karibu, piga *152*00#, ingia Ajira na Utambuzi, kisha NIDA. Utaulizwa majina, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama yake mzazi. Namba ikishapatikana, inaweza kutumika hata kama kadi yenyewe haijatoka.

Halafu nenda na mama kwa dalali yeyote wa hisa mwenye leseni, au ofisi ya CSDR, mkaombe taarifa ya akaunti yake ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki inayotunza kumbukumbu za hisa zake. Msiombe kurekebisha chochote siku hiyo, ombeni taarifa kwanza. Mnatafuta mambo matatu: namba ya akaunti ya CDS, jina lilivyoandikwa herufi kwa herufi, na idadi ya hisa. Idadi inaweza kuzidi 1,200 kama kampuni iliwahi kutoa hisa za nyongeza. Uliza pia kama mama ana akaunti zaidi ya moja. Hili hutokea sana kwa walionunua wakati wa mauzo ya umma, maana fomu zilijazwa kwenye matawi ya benki na ya mawakala mbalimbali. Mtu akijaza fomu mbili kwa tahajia mbili, mfumo humhesabu kuwa watu wawili. Akaunti zikiwa mbili, ziunganishwe kwanza. Mkirekebisha moja tu, nusu ya gawio itaendelea kukwama.

Ndipo mkaandike hati ya kiapo. Kwa tofauti kama ya mama (Ally na Ali, S. na Saidi) kiapo kinatosha. Hati ya kubadili jina, ile inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ni ya mtu aliyeacha jina moja akachukua jingine. Mkishauriwa kuilipia, ulizeni ni jina gani mama ameliacha. Kama daftari lingekuwa na jina la ubini na NIDA ina la mume, mngeambatisha cheti cha ndoa.

Hapa kwenye kiapo ndipo jalada nyingi hurudishwa. Wakili huandika mistari miwili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, anagonga muhuri, basi. Msajili hawezi kukitumia. Kiapo cha mama kitaje jina lilivyo NIDA pamoja na namba yote ya tarakimu 20. Kitaje jina lilivyo kwenye hati ya hisa, na namba ya hati hiyo. Kitaje namba ya akaunti ya CDS na jina la kampuni. Kiseme wazi kuwa mwaka 1956 uliandikwa kimakosa na sahihi ni tarehe iliyoko NIDA. Watu wengi huapia jina wakasahau tarehe, kisha wanarudi kuapa upya na kulipa upya. Kama mama ana kitu cha zamani chenye jina lile la Ally, iwe hundi ya gawio ambayo haikupelekwa benki, bahasha ya kampuni au risiti ya maombi ya hisa, nakala yake iambatane. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko maneno, kwa kuwa inaonyesha nani alikuwa akipokea barua za mwanahisa huyo.

Hundi za zamani msizipeleke benki. Hundi ikipita miezi 6 tangu tarehe yake huwa imechacha, itakataliwa. Zirudisheni kwa kampuni zikiwa halisi, mbaki na nakala, ziandikiwe malipo mapya.

Kama hati yenyewe ya hisa imepotea, msifadhaike. Hisa zikiwa ndani ya mfumo wa CDS, kinachohesabika ni kumbukumbu ya mfumo. Mtahitaji taarifa ya upotevu ya polisi, na huenda mkatakiwa kusaini ahadi ya kubeba hasara kama hati hiyo itaibuka mikononi mwa mwingine. Isomeni kabla ya kusaini.

Akaunti ya benki ifunguliwe, au ihuishwe, kwa jina la NIDA neno kwa neno. Ombeni benki barua au taarifa ya akaunti yenye jina, namba na tawi, yenye muhuri. Namba ikinakiliwa kwa mkono, tarakimu moja ikikosewa, mmerudi mlikotoka. Akaunti yako wewe binti haitakubalika hata mama akiridhia, na usiikubali hata ukiruhusiwa, kwa sababu ndugu wakiuliza baadaye utakosa pa kushika. Malipo kwa simu yanafaa kama kampuni inayatoa na laini imesajiliwa kwa NIDA ya mama mwenyewe. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu itakataa.

Pelekeni fomu ya mabadiliko ya taarifa pamoja na vyote hivyo, nakala zikiwa zimethibitishwa kuwa sahihi, na mpigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Daftari likisharekebishwa, na si kabla, mwandikieni katibu wa kampuni barua ya pili: kwamba taarifa zimerekebishwa tarehe fulani, na mama anaomba orodha ya magawio yote ambayo hayakulipwa, mwaka kwa mwaka, na malipo yake. Ombeni mwaka kwa mwaka. Ukiomba jumla tu utapewa namba moja usiyoweza kuihakiki.

Namna ya kuihakiki ni hivi. Hukutaja kampuni, nami sitaki kuibahatisha, kwa hiyo nachukua CRDB kwa mfano wa hesabu tu, kwa vile viwango vyake vimetangazwa. Kwa mwaka wa hesabu 2019 gawio lilikuwa shilingi 17 kwa hisa, 2020 shilingi 22, 2021 shilingi 36, 2022 shilingi 45, 2023 shilingi 50, 2024 shilingi 65. Jumla ni shilingi 235 kwa hisa. Mwenye hisa 1,200 zisizobadilika anadai shilingi 282,000. Kodi ya zuio kwa gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni ni asilimia 5, yaani 14,100, kwa hiyo anapokea 267,900. Kodi hiyo kwa mtu binafsi mkazi ni ya mwisho, asidaiwe tena. Wakikata asilimia 10, waulizeni kwa nini, maana hicho ni kiwango cha kampuni ambazo hazipo sokoni. Kumbukeni pia kwamba gawio la mwaka fulani hulipwa mwaka unaofuata, baada ya mkutano mkuu. Mtu akichanganya miaka hiyo huona kama ameibiwa mwaka mmoja. Na msidai riba: kwa kawaida katiba za makampuni husema gawio lisilochukuliwa halizai riba.

Sasa hofu yako kwamba fedha zimerudi kwa kampuni. Jibu liko kwenye katiba ya kampuni, kifungu cha magawio yasiyodaiwa. Kampuni hutofautiana kwa idadi ya miaka kabla ya gawio kufutwa, na nakala ya katiba hupatikana BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa ada. Kinachoweza kufutwa ni gawio la mwaka uliopitwa na muda. Hisa zenyewe hazifutwi kwa sababu ya kukosa NIDA, na magawio mapya yanaendelea kuhesabika. Kwa hiyo barua ya madai iandikwe sasa hivi, hata kabla marekebisho hayajakamilika, kutamka tu kwamba mama anadai magawio yote tangu mwaka wa mwisho aliolipwa. Hiyo si ile barua ya pili niliyotaja. Hii ni ya kuzuia saa isiendelee kwenda kimya kimya. Itumeni kwa njia yenye uthibitisho wa kupokelewa.

(Wanaosoma hapa wenye hisa za kampuni za Kenya, kwa mfano walionunua Safaricom mwaka 2008, njia yao ni tofauti. Sheria ya Kenya ya 2011 inazitaka kampuni kukabidhi mali za kifedha zisizodaiwa kwa mamlaka ya UFAA baada ya muda uliowekwa, na mwenyewe huenda kuzidai huko.)

Jalada la baba

Hili ni la mahakama, na msihangaike kumtafutia marehemu NIDA wala kadi yake ya mpiga kura. Kitambulisho kitakachotumika ni cha msimamizi wa mirathi.

Kabla hamjafungua shauri, wekeni hati ya hisa na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mezani, ubavu kwa ubavu. Ninyi mna majina mawili upande mmoja na matatu upande wa pili. Mkijaza ombi kwa majina ya cheti cha kifo peke yake, mahakama itatoa uteuzi kwa majina hayo, na msajili atasema hamjui mtu huyo. Katika Fomu Namba 1 ya Mahakama ya Mwanzo andikeni majina yote: fulani, ajulikanaye pia kama fulani. Na kwenye orodha ya mali zitajeni hisa kwa idadi, jina la kampuni na namba ya CDS kama mnayo, pamoja na magawio yasiyolipwa. Hili la magawio husahaulika mno.

Mahakama ya Mwanzo inafaa pale mirathi inapofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila; nje ya hapo shauri huenda ngazi ya juu. Mtahitaji cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na wote waliohudhuria, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mahakama itatoa tangazo, na muda wa pingamizi ukipita, msimamizi hupewa Fomu Namba 4. Hiyo ndiyo inayofungua mlango kwa msajili na kwa benki. Ndani ya miezi 4 msimamizi anatakiwa kurudisha Fomu Namba 5 ya mali na Namba 6 ya hesabu, na kwa kuwa gawio linaweza kuchelewa kuliko hapo, aende akaombe kuongezewa muda kabla haujaisha.

Gawio la nyuma la baba lilipwe kwenye akaunti ya mirathi yenye jina la msimamizi kwa nafasi hiyo. Lisiende kwenye akaunti binafsi ya kaka mkubwa, wala kwenye akaunti ya zamani ya baba. Namba yake ya simu pia iondolewe kwenye daftari.

Hisa zenyewe mna njia mbili. Mnaweza kuziuza sokoni kupitia dalali na kugawana fedha, au kuzihamisha kwa warithi, kila mmoja akiwa na akaunti yake ya CDS na NIDA yake. Kama mnafuata sheria ya Kiislamu na baba ameacha watoto, fungu la mama ni moja ya nane, yaani hisa 375 kati ya 3,000. Zinazobaki hugawanywa kwa warithi wengine kwa mafungu yao, wakiwemo wazazi wa baba kama wako hai. Nikitazama idadi hiyo, mkiwa watoto wengi kila mmoja atabaki na hisa chache ambazo gawio lake kwa mwaka halilipi hata nauli ya kufuatilia likikwama. Ningewashauri mkae kikao, atakayependa kubaki na hisa awalipe wenzake thamani yake kwa bei ya soko ya siku hiyo, na makubaliano yaandikwe na yaambatane na Fomu Namba 6.

Mkikwama baada ya yote, mpangilio wa malalamiko ni katibu wa kampuni na msajili kwa maandishi, kisha CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. CMSA watataka kuona barua zenu zenye mihuri ya kupokelewa. Mliyoyasema kwa mdomo dirishani hayahesabiki.

Kuhusu muda: kampuni nyingi zinazofunga hesabu Desemba hufanya mkutano mkuu kati ya Mei na Juni, na siku ya kufunga daftari hutangazwa magazetini na kupitia Soko la Hisa wiki kadhaa kabla. Mkifikisha fomu za mama kabla ya siku hiyo, gawio la mwaka huu litaingia lenyewe kwenye akaunti mpya bila kudaiwa. Likiingia, chukueni taarifa ya benki ya siku hiyo na muiambatishe kwenye barua ya kudai ya nyuma, kwa sababu inathibitisha kwamba jina, akaunti na daftari sasa vinakubaliana.